Waya wa Fedha

Saa nne usiku binamu yangu alinitumia picha ya waya. Ulikuwa waya wa USB, urefu wa mita moja, umevikwa nailoni nyeusi iliyosukwa kama nywele za shule, vichwa vyake viking'aa kama vikuku vya bibi harusi. Chini ya picha kulikuwa na bei: shilingi 18,500. Chini ya bei, swali: "Unaonaje? Nichukue?"

Binamu anaishi Werugha, kule juu ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi na mboga huondoka alfajiri kwa pikapu kuteremka Mombasa. Analima nyanya na hoho kwenye matuta ya baba mkubwa. Sebuleni amejenga mtambo wa muziki, kipande kwa kipande, kwa miaka minne: laptopu ya mtumba, kigeuzi kidogo cha sauti ambacho mafundi hukiita DAC, amplifaya kuukuu ya Kijapani yenye uzito wa ndama, na spika mbili za mbao alizouziwa na familia iliyokuwa ikihama Voi. Ukikaa kwenye kochi lake, katikati ya zile spika, unasahau kwamba nje kuna matope.

Nasema haya mapema ili usimwone mjinga. Huyu ni mtu anayejua bei ya mbolea, bei ya madebe ya nyanya, na jinsi dalali anavyosema uongo. Sasa mtu kama huyo anafikaje mahali pa kutaka kutoa 18,500 kwa waya, wakati waya wa printa wa shilingi 250 unaingia kwenye tundu lile lile?

Jibu lake lilikuwa fupi: "Nimesoma rivyu. Watu wote hawawezi kuwa wanaota, bana."

Haya. Mimi kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu na kusema yanafanya nini. Nikamwambia anitumie hizo rivyu.

*

Nilisoma kumi na mbili mfululizo, na kitu cha kwanza kilichonigonga ni kwamba zote zina hadithi moja. Mwandishi anaanza kwa kuapa kwamba yeye haamini mambo ya waya. Ni mtu wa sayansi, mgumu, hadanganyiki. Kisha rafiki au duka linamtumia waya, naye anauchomeka kwa shingo upande. Kisha ghafla muziki anaoujua miaka ishirini unakuwa mgeni. Halafu, karibu kila mara, mke wake aliye jikoni, asiyejua lolote, anauliza: umebadilisha nini leo?

Ukishahudhuria krusedi hata moja katika uwanja wa shule ya msingi, umbo hili unalijua. Ni ushuhuda. Lazima kwanza nikwambie jinsi nilivyokuwa mlevi, ndipo wokovu wangu uwe na thamani. Na yule mke wa jikoni ndiye shahidi asiye na upande, jirani aliyemwona kiwete akitembea. Sisemi mashahidi hawa ni waongo. Nasema umbo la hadithi linawafanyia kazi ambayo ushahidi haujaifanya.

Kitu cha pili ni msamiati. Sauti "ina joto". Sauti "ina hewa". Besi "imekaza", juu "pamefunguka", mwimbaji "amesogea mbele hatua moja". Maneno yametoka mwilini, jikoni na kwenye hali ya hewa, na ni matamu. Waandishi hawa wanajua kuandika, tukubali. Lakini jaribu kuuliza: joto kiasi gani? Hewa inapimwa vipi? Katika zile rivyu kumi na mbili hakuna hata moja iliyosema mwandishi alifunikwa macho, wala iliyopima kitu chochote. Mhakiki wa riwaya akisema mhusika hana uhai, unaweza kufungua ukurasa ukaangalia. Mhakiki wa waya akisema sauti imepata hewa, ukurasa wa kufungua haupo.

Na kitu cha tatu ni neno lenyewe, fedha. Waya wa binamu ulitangazwa kuwa na nyuzi zilizopakwa fedha. Zipo zinazokwenda mbali zaidi: AudioQuest, kampuni ya Marekani, imekuwa ikiuza waya wa USB uitwao Diamond wenye nyuzi za fedha tupu, kwa mamia ya dola. Lugha yetu imeshatoa maoni yake kuhusu jambo hili. Kwetu madini ni fedha na pesa ni fedha. Unatoa fedha, unapewa fedha, na katikati kuna mtu amebaki na chenji.

*

Sasa tuingie ndani ya waya. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi niliyoiacha ilikuwa ya umeme, kwa hiyo binamu ana haki ya kusema "wewe hata hukumaliza". Lakini somo hili nilikuwepo darasani.

Ndani ya waya wa kawaida wa USB, ule wa printa, kuna nyuzi nne. Mmoja unabeba umeme wa volti 5, mmoja ni wa ardhi, na wawili waliosokotana wanabeba data. Muziki ukipita pale bado haujawa muziki. Ni tarakimu, sifuri na moja, zilizopangwa katika vifurushi. Waya unapeleka vifurushi, DAC inavipokea, na ni ndani ya DAC tu ndipo tarakimu zinapogeuzwa kuwa mawimbi ya umeme yanayoweza kusukuma spika.

Hapo ndipo watu wengi wanachanganya waya wa zamani na wa sasa. Waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika unabeba wimbi lenyewe. Ukiwa mwembamba mno, au mrefu mno, wimbi linapungua, na mtu anaweza kusikia. Waya wa USB unabeba ujumbe kuhusu wimbi. Ukimtuma mtoto dukani na karatasi iliyoandikwa "sukari kilo mbili", sukari haiwi tamu zaidi kwa sababu karatasi ilikuwa ya bei ghali. Karatasi ina kazi moja tu: isomeke.

Je, inasomeka? Hebu tupige hesabu. Sauti ya ubora wa CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, mara mbili kwa ajili ya kushoto na kulia. Jumla ni biti 1,411,200 kila sekunde. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ina uwezo wa biti milioni 480 kwa sekunde. Hii ni sawa na boda boda moja kwenye barabara ya Mombasa hadi Nairobi saa nane usiku, yenyewe tu, njia yote yake. Na kiwango cha makosa kinachotarajiwa kwenye mfumo huo ni biti moja katika trilioni moja, au chini ya hapo. Kwa muziki wa CD, utasikiliza mchana na usiku kwa zaidi ya siku nane ndipo biti moja ipotee. Siku nane bila kulala, bila stima kukatika. Kwa Werugha, hilo la stima pekee lingetosha kuharibu jaribio.

*

Lakini wanaotetea waya si watoto, na hoja yao bora inastahili kusemwa vizuri.

Wanasema hivi. Ukinakili picha kwenye flashi na kifurushi kikaharibika njiani, kompyuta inakituma tena. Sauti haipati nafasi hiyo. Muziki unakwenda kwa wakati, hauwezi kusubiri, kwa hiyo kifurushi kilichoharibika hakirudiwi. Ni kweli kabisa. Ndivyo USB ya sauti ilivyoundwa.

Ila hawamalizii sentensi. Kifurushi kikiharibika, unasikia nini? Unasikia tki! Au sauti inakatika nusu sekunde, au kelele kama mchanga kwenye kikaango. Makosa ya tarakimu hayana adabu ya kuchagua besi na kuilegeza kidogo. Biti inayopotea haijui kama ni ya ngoma au ya mwimbaji. Kwa hiyo waya mbovu upo, nami nimewahi kuwa nao, na unajitangaza wenyewe. Ukitaka kujua waya wako ni mzima, sikiliza kama kuna mikwaruzo. Hakuna? Basi mchezo umekwisha.

Hoja ya pili ni ya saa. Tarakimu lazima zigeuzwe kwa mapigo sawasawa, na mapigo yakiyumba, sauti inachafuka. DAC za mwanzo za USB zilifuata mwendo wa kompyuta, na kompyuta ni mtu mwenye shughuli nyingi, kwa hiyo malalamiko yalikuwa na msingi. Lakini DAC nyingi za leo zina saa yao wenyewe. Ndizo zinazoiambia kompyuta "leta", "ngoja", "leta tena", zinaweka tarakimu kwenye hifadhi ndogo, na kuzitoa kwa mapigo yao. Saa haipiti kwenye waya. Huwezi kuirekebisha kwa kununua waya, kama ambavyo huwezi kurekebisha saa ya ukutani kwa kupaka rangi mlango.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nyama. Ule waya wa ardhi, na ule wa volti 5, unaunganisha DAC yako na tumbo la kompyuta, na tumbo la kompyuta lina kelele. Chaja ya laptopu ina kelele. Soketi mbili za kuta tofauti zinaweza kuwa na ardhi zisizolingana. Kelele hiyo inaweza kupanda hadi kwenye amplifaya ukaisikia: mvumo mzito kama nyuki kwenye mzinga, au vilio vidogo unapozungusha kipanya. Hii si ndoto. Binamu alikuwa nayo mwaka juzi.

Angalia sasa kejeli iliyopo. Waya wa fedha bado una uzi wa ardhi. Fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba. Kama tatizo lako ni kelele inayosafiri kwenye uzi wa ardhi, umeijengea lami. Dawa ni kung'oa chaja na kusikiliza kwa betri uone kama mvumo unaisha, kuchomeka kila kitu kwenye soketi moja, au kununua kifaa kidogo cha kutenganisha umeme wa pande mbili. Binamu alihamisha plagi. Mvumo uliisha. Gharama: kuinama nyuma ya kabati na kukutana na buibui.

Kuna makosa mengine halisi, na nitayataja haraka kwa sababu yanawapata wengi. Baadhi ya nyaya za kuchaji simu zina nyuzi mbili tu za umeme, hazina za data kabisa, kwa hiyo DAC haitaonekana hata ukiomba dua. Waya mrefu kupita mita 5 ni kamari. Kichwa kilicholegea ni cha kutupa. Zaidi ya hapo, waya unaofikisha data umefikisha. Waya mwingine hauwezi kufikisha zaidi.

*

Nilimweleza haya yote kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema neno ambalo kila mhakiki analiogopa: "Njoo usikie mwenyewe."

Nikapanda matatu Voi, tukakata zile kona za kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kisha nikadandia boda hadi Werugha na meno yanagongana kwa baridi. Rafiki yake wa Voi, mwenye waya wa aina ile ile, alikuwa amemuazima kwa wikendi. Tukawa na waya wa fedha na waya wa printa, bega kwa bega, juu ya kitambaa cha meza alichofuma shangazi.

Kwanza tulisikiliza tukiona. Alichagua Malaika, ile ya Fadhili William na siyo zile za waliokuja baadaye. Hili si chaguo la bahati mbaya. Jina kamili la mwimbaji yule ni Fadhili William Mdawida, na Mdawida ndiyo kusema Mtaita. Wimbo uliozunguka dunia kwa koo za Miriam Makeba na Boney M una mtu wa huku ndani yake. Wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania, na mabishano hayo hayajaisha wala hayatakwisha sebuleni kwetu. Rekodi ni ya miaka ya sitini, enzi ambazo studio ya Equator Sound pale Nairobi ilikuwa ikiwarekodi vijana wa magitaa.

Binamu alichomeka waya wa printa, akasikiliza. Akachomeka wa fedha. Uso wake ulibadilika, nawaapia. Akafumba macho. "Umesikia gitaa? Umesikia vile limejitenga na sauti?" Na mimi, mwenye hesabu zangu zote za biti, nilisikia. Nilisikia gitaa limejitenga. Ndiyo maana sikuamini masikio yangu, wala yake.

Tukafanya la pili. Nikatundika blanketi mbele ya kabati. Yeye kwenye kochi na daftari. Kila duru narusha sarafu: kichwa, wa fedha, nyuma, wa printa. Kila duru nachomoa na kuchomeka, hata kama waya haubadiliki, ili mlio wa kuchomeka usimwambie kitu. Kisha natoka nje nisije nikamwonyesha kwa uso, yeye anasikiliza dakika anazotaka na kuandika jibu. Sauti haikuguswa, kwa sababu sikio hupenda kilicho juu kidogo na kukiita bora. Tukakubaliana kabla ya kuanza: duru kumi, na akipata tisa namlipia nusu ya waya. Mtu anayebahatisha tu anaweza kufikia tisa au kumi, lakini ni kama mara moja katika mia.

Alipata sita.

Sita ni nzuri kuliko tano, alisema. Ni kweli, ila sarafu isiyo na masikio inapata sita au zaidi karibu mara 38 katika kila mia. Kilichomuuma si idadi. Ni duru ya nne. Kwenye daftari aliandika, kwa herufi kubwa na mstari chini: HII NDIYO, HAKUNA SHAKA. Ilikuwa ya printa.

Mizani yetu ilikuwa ndogo, nakubali. Mtu mmoja, chumba kimoja, duru kumi; tofauti ndogo sana inaweza kujificha humo. Lakini tofauti inayodaiwa kwenye rivyu si ndogo sana, ni ya mke kutoka jikoni. Na hatuko peke yetu. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio katika jarida la wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society. Wao hawakupima nyaya. Walipima kitu kikubwa zaidi, sauti ya ubora wa juu kuliko CD dhidi ya sauti ile ile ikiwa imeshushwa hadi ubora wa CD. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Nusu kwa nusu, kama sarafu. Kama watu wenye mitambo ya maana hawakusikia tarakimu zenyewe zikipunguzwa, ni nani atasikia tarakimu zile zile zikipita kwenye madini tofauti? Mwaka huo huo James Randi, mtu wa mazingaombwe aliyegeuka mfichua uongo, alisema yuko tayari kutoa dola milioni 1 kwa atakayethibitisha kusikia tofauti ya nyaya za spika za Pear za maelfu ya dola. Milioni ile haikutoka.

*

Binamu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini nilisikia."

Hapa ndipo nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu hapa ndipo wahakiki wenzangu wenye vipimo hugeuka wakatili. Wanamcheka mtu. Ukweli ni kwamba alisikia. Sikio si maikrofoni. Kinachoingia kinapikwa kichwani pamoja na bei, matumaini, uchovu wa siku, na kile macho yalichoona. Chai kwenye kikombe cha wageni ni tamu zaidi, na hakuna anayekuita mwongo kwa kusema hivyo. Kujitenga kwa lile gitaa kulikuwa halisi kwake, na kwangu pia. Makosa yalikuwa kwenye kutafuta sababu. Tulisikiliza kwa makini kuliko siku zote, tumekaa, simu tumezima, tumetulia. Umakini huo ndio uliofungua gitaa. Waya ulikuwepo tu, ukapewa sifa, kama mkuu wa mkoa kwenye harambee.

Ninachowalaumu wauza nyaya ni hiki: wanauza umakini kwa shilingi 18,500 wakati ni wa bure. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huu waya umetembea sana.

Halafu kuna hili. Ile Malaika tuliyokuwa tukiipima ilikuwa faili ya MP3. Aliijaza kwenye flashi katika duka moja la filamu na muziki, miaka ya nyuma, pamoja na nyimbo nyingine mia tatu kwa shilingi hamsini. Fikiria safari yake: kutoka kwenye tepu ya studio hadi santuri, kutoka santuri labda hadi kaseti, kutoka hapo hadi kompyuta ya mtu, ikafinywa kuwa MP3, ikafinywa tena. Kila kituo kimekata ushuru. Kilichofika Werugha ni mifupa, na sisi tulikuwa tukibishana kuhusu madini ya mita moja ya mwisho.

Nilipomwambia hivyo, nyanya, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe na kutuona kama watoto wanaocheza nyumba-nyumba, aliuliza: "Mjukuu wangu, hiyo redio yenu inaweza kucheza kaseti?"

Akaleta kopo la biskuti. Ndani, kaseti saba. Moja ina wino wa buluu uliofifia: mwaka 1987, na jina la babu. Babu alifariki nikiwa darasa la pili. Katika kaseti ile, nyanya anasema, anaeleza kwa Kidawida mipaka ya mashamba, majina ya vijito, na nani alimpa nani ng'ombe; kisha wanaimba. Hakuna nakala nyingine. Na ukingoni mwa utepe, ukishika kaseti kwenye mwanga wa dirisha, kuna unga mweupe. Ni ukungu, ule wa kuvu. Ukungu wa nje umepata jamaa yake ndani ya kopo.

Binamu aliangalia ule unga, akaangalia ule waya. Sikusema kitu. Kwa mara ya kwanza wikendi ile nilikuwa na akili.

*

Sasa nikuambie 18,500 zilifanya nini, kwa sababu uhakiki usiosema "fanya hivi badala yake" ni lawama tu. Deki ya kaseti iliyotengenezwa upya na fundi wa Wundanyi: 6,000. Kadi ya sauti ya USB ya kuingizia sauti kwenye laptopu: 3,500. Spiriti, pamba za masikio, kitambaa: 300. Flashi mbili, moja ya kuweka kwetu na moja kwa shangazi Mombasa, ili moto au mwizi asimalize vyote kwa siku moja: 1,600. Zilizobaki zilinunua mbegu.

Fundi alitufundisha vitu viwili. Kwanza, safisha kichwa cha deki kwa spiriti kabla ya kila kaseti, na usikimbilie kucheza iliyoota kuvu. Fungua, pangusa polepole, geuza kwa penseli. Pili, kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Kichwa kikiinama hata kidogo, hakilingani na mstari uliorekodiwa, na sauti za juu zinakufa. Tulicheza babu. Alikuwa anaongea kama mtu aliyefunikwa godoro. Fundi akachukua bisibisi, akageuza ile skrubu chini ya robo ya mzunguko, na herufi zikarudi. Kila "s" na kila "sh". Tukasikia hata jogoo nyuma yake.

Hakuna blanketi lililohitajika, wala sarafu. Nyanya hakuwa jikoni, alikuwa pale pale kwenye kochi, na hakuuliza tumebadilisha nini. Alianza kumjibu.

Faili tumeihifadhi bila kuifinya. Sasa inapita kutoka kwenye laptopu hadi kwenye DAC kwa waya wa printa wa shilingi 250, ambao binamu ameufunga kwa uzi wa katani ili paka asiuchezee. Waya wa fedha ulirudi Voi Jumatatu, kwa matatu ya saa kumi na mbili, ndani ya bahasha. Kaseti tano bado zinasubiri. Kwako kuna kopo kama hilo, nina hakika, juu ya kabati la mtu fulani. Kabla ya kununua waya, ulizia.